Wiki tatu baada ya kukazwa tumbo, kazini wananiita

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwalimu wa chekechea na mama wa watoto watatu. Hii ni wiki ya tatu tangu nifanyiwe upasuaji wa kukaza tumbo, na Jumatatu natakiwa kazini. Sijui niende au nisiende, na sina wa kumuuliza bila kusutwa.

Nieleze kidogo ili unielewe. Baada ya mtoto wa tatu nilipungua mwili sana, lakini tumbo halikurudi. Ngozi ilining'inia, na chini ya mkunjo kulikuwa na vipele visivyokauka hata nipake nini. Daktari aliponipima aliniambia misuli ya tumbo imeachana katikati, ndiyo maana hata nikiwa sijala nilionekana mjamzito. Wazazi wa watoto ninaowafundisha walikuwa wananipongeza. Nilikuwa nacheka, nikifika nyumbani nalia. Nikaweka akiba kwa miaka, nikapasuliwa. Nimekatwa kutoka nyonga hadi nyonga, misuli imeshonwa pamoja, kitovu kimetengenezwa upya.

Kazini nilisema tu kwamba nafanyiwa upasuaji wa tumbo. Wenzangu wakaamua wenyewe kuwa ni uvimbe wa kizazi, nami nikanyamaza. Niliomba ruhusa ya wiki tatu kwa sababu pale nilipopasuliwa walisema wengi hurudi kazini baada ya wiki mbili au tatu. Sasa mwalimu mkuu msaidizi ananipigia simu kila siku. Mwalimu anayenishikia darasa anaondoka Ijumaa. Ananiambia, "Wewe njoo tu, utakaa kwenye kiti, watoto watakuona watatulia." Ni mtu mwema na najua amebanwa. Lakini Shangazi, chekechea nani anakaa? Kuna wa kufungwa viatu, kuna wa kubembelezwa, kuna wa kukimbizwa chooni. Asubuhi wananivamia kwa kunikumbatia, na vichwa vyao vinafika hapa hapa kwenye kidonda.

Hali yangu si mbaya. Natembea nimeinama kidogo, ila kila siku nanyooka zaidi. Jioni tumbo linavimba hadi mkanda wa tumbo niliovalishwa baada ya upasuaji unanibana. Chini ya kitovu nina ganzi. Mirija ya kutolea majimaji ilitolewa wiki iliyopita, na tangu hapo nikigeuka kitandani nasikia kama maji yanacheza upande wa kulia, chini. Nadhani ni kawaida. Mwanangu mdogo ana miaka miwili, analia abebwe, na dada yangu anayenisaidia nyumbani naye ana familia yake.

Ni huyo dada aliyenichoma moyo. Juzi nilisema nimechoka, akanijibu: "Haya ni maumivu ya kununua. Wa kupumzika ni wale waliopasuliwa kwa ugonjwa." Sikumjibu, kwa sababu nusu yangu inakubaliana naye. Sikuumwa. Nilichagua mwenyewe. Nikiendelea kulala huku mwenzangu anahangaika na darasa langu, najiona mwizi. Ndiyo maana nafikiria niende Jumatatu nivumilie.

Kingine, nalia ovyo. Nikijitazama kwenye kioo nalia, na hili ndilo tumbo nililolililia. Je, nimekosea? Niende kazini? Na wakiuliza nilipasuliwa nini, niseme ukweli?

Mwalimu wa Watoto Wadogo

*

Marahaba, mwanangu.

Jambo kubwa kuliko yote katika barua yako umeliandika kwa sentensi moja, ukalifunga kwa maneno "nadhani ni kawaida". Ni hayo maji yanayocheza. Kabla hatujazungumzia Jumatatu, mpigie simu daktari aliyekupasua. Leo, usingoje tarehe yako ya kliniki.

Nikueleze kinachotokea, ili usiogope kupita kiasi wala kulipuuza. Katika upasuaji wa aina yako, ngozi na mafuta ya tumbo huinuliwa kutoka juu ya misuli, kisha huvutwa chini na kushonwa. Kati ya tabaka hizo mbili hubaki nafasi, na mwili hupenda kuijaza kwa majimaji ya manjano mepesi. Mirija iliwekwa kwa ajili hiyo. Wapasuaji wengi huitoa majimaji yakishapungua hadi chini ya kama mililita 30 kwa siku, lakini kupungua si kukauka, na kwa baadhi ya watu hukusanyika tena mirija ikishaondoka. Madaktari huyaita seroma, na baada ya upasuaji wa kukaza tumbo hili ndilo tatizo linalotokea mara nyingi zaidi kuliko mengine. Dalili yake ndiyo hiyo uliyoiandika: unageuka, unasikia kitu kinasogea ndani kwa mawimbi, mara nyingi upande mmoja na chini.

Daktari akithibitisha, huyavuta kwa sindano palepale kliniki. Pengine atarudia mara kadhaa kwa siku tofauti. Kwa kuwa sehemu hiyo ina ganzi, wengi hawasikii maumivu ya maana. Yakiwa kidogo anaweza kuamua kuyaacha mwili uyanyonye wenyewe, ila hilo ni lake kuamua akishakuona. Yakiachwa bila kuangaliwa yanaweza kuingiwa na vijidudu, au kujijengea ukuta kama mfuko, na mfuko huo ukikomaa huenda ukahitaji kupasuliwa tena. Mtu asikuchome sindano nyumbani, hata kama ni muuguzi mnayefahamiana.

Nikiwa hapo hapo niyataje mengine. Ukipata homa ya nyuzi 38 au zaidi, wekundu unaosambaa kuzunguka mshono, usaha au harufu, kingo za kidonda kugeuka nyeusi, au upande mmoja wa tumbo kuvimba ghafla na kuwa mgumu wenye maumivu, mtafute daktari siku hiyohiyo. Na mguu mmoja ukivimba au shavu la mguu likauma, au ukahisi kifua kinauma na pumzi haitoshi, hapo usipige simu kuuliza. Nenda sehemu ya dharura hata kama ni usiku wa manane. Damu kuganda kwenye mishipa ya miguu na kipande kusafiri hadi mapafuni ni hatari ya wiki za mwanzo baada ya upasuaji, na huu wa tumbo ni miongoni mwa upasuaji wa urembo wenye hatari hiyo zaidi. Kutolewa mirija hakukuondolei hatari hiyo.

Sasa Jumatatu. Jibu langu ni usiende.

Walipokwambia wiki mbili au tatu hawakukudanganya, lakini hesabu hiyo ni ya mtu wa mezani: anakaa, anaandika, anapokea simu, anainuka akitaka. Hata yeye hushauriwa aanze kwa nusu siku. Kwa kazi ya kusimama, kuinama na kunyanyua, hesabu ni wiki sita, na misuli ikiwa imeshonwa, kama yako, madaktari wengi husogeza hadi nane. Ulipoambiwa "wengi hurudi kazini", ilipaswa mtu akuulize kazi yako ni ipi. Mara nyingi swali hilo haliulizwi, na mgonjwa huondoka na namba isiyo yake.

Sababu iko chini ya ngozi. Mshono unaouona kwenye kioo ni wa nje. Wa ndani unapita katikati ya tumbo, kuanzia chini ya kifua hadi juu ya kinena, umevuta pande mbili za misuli zilizoachana na kuzikutanisha. Ule wa nje ukikauka watu husema umepona. Lakini kidonda cha upasuaji kwa kawaida, kufikia wiki ya tatu, kina kama robo tu ya nguvu ya ngozi isiyokatwa. Huchukua karibu miezi mitatu kufika asilimia 80, na hiyo iliyobaki hairudi yote. Wewe uko kwenye robo. Wapasuaji wengi hukataza kunyanyua zaidi ya kilo 4 au 5 kwa wiki sita za mwanzo. Mtoto wa miaka minne ana karibu kilo 16, na huyo ni mmoja, tena akiwa ametulia.

Najua utaniambia utakuwa mwangalifu. Ungekuwa karani ningekuamini. Mwalimu wa chekechea hawezi kuahidi hivyo, kwa sababu mtoto akiteleza kutoka kwenye bembea mkono wako utakuwa umeshamdaka kabla hujakumbuka kwamba una kidonda. Hiyo ndiyo kazi uliyoizoea mwili mzima, na ndiyo sifa yako. Huwezi kukaa kwenye kiti ukimtazama mtoto anaanguka. Tena hicho kiti chenyewe, kama ni vile vya watoto, kuinuka kutoka kwenye kiti kifupi hutumia misuli ileile iliyoshonwa. Kuhusu hayo maji, kadiri unavyoinama na kuzunguka, tabaka za tumbo huteleza moja juu ya nyingine badala ya kushikana, na majimaji huongezeka. Ukienda Jumatatu unayalisha.

Nije kwa dada yako.

Kwa miaka mingi nilikuwa muuguzi wa wodi ya upasuaji, na maneno hayo nimeyasikia yakisemwa na jamaa, na wakati mwingine na wauguzi wenzangu, kwa sauti ya chini. Nilichokiona ni hiki. Wagonjwa waliochagua upasuaji wao ndio waliokuwa wanaomba radhi wakipiga kengele. Ndio waliosema "siumwi" huku jasho linawatoka. Ndio walioamka kwenda kuoga peke yao siku waliyokatazwa. Walijiona hawana haki ya kuuguzwa, na kwa sababu hiyo matatizo yao tuliyajua yakiwa yameshakua. Wewe umesikia maji tumboni kwa wiki nzima ukaandika "nadhani ni kawaida". Nina hakika ungekuwa umetolewa uvimbe wa kizazi kweli, ungeshapiga simu.

Nyama iliyokatwa huunga kwa damu inayoifikia, kwa usingizi, kwa chakula chenye protini ya kutosha na kwa muda. Haina namna ya kujua kama aliyelipia ni wewe au bima, wala kama ulipelekwa na maradhi au ulikwenda kwa miguu yako. Umekatwa kutoka nyonga hadi nyonga. Huo ni upasuaji mkubwa, na mwili wako unafanya sasa hivi kazi ileile ambayo ungeifanya kwa sababu nyingine yoyote.

Na sitaki ujitetee kwa vipele. Nimeona ulivyovitanguliza, pamoja na ile misuli iliyoachana, kana kwamba unaleta ushahidi mbele ya hakimu. Ni mambo ya kweli na yanasumbua. Lakini hata kama ungekuwa umefanya hivi ili tu gauni likukae vizuri, ningekujibu vilevile, wiki kwa wiki. Ulikuwa mtu mzima, ulielezwa, uliweka akiba yako, ukaamua. Kulinda ulichokilipia kwa akiba ya miaka ni busara ya kawaida kabisa. Misuli ikiachia, kuirekebisha ni kurudi mezani kwa mpasuaji, kwa fedha nyingine na kwa wiki nyingine za kukaa nje ya darasa. Hapo huyo mwalimu mkuu msaidizi ndipo utakapokuwa umemwangusha hasa.

Kuna mahali pamoja ambapo kuchagua kwako kunahusika, na ni haki nikuambie: ni kwenye hesabu ya likizo. Waajiri wengi hawauhesabu upasuaji wa urembo kama ugonjwa, kwa hiyo siku za kupona huenda zikakatwa kwenye likizo yako ya mwaka au zikawa bila malipo. Tatizo likitokea baadaye, kama kidonda kuingiwa na vijidudu, mara nyingi hilo huchukuliwa kama ugonjwa wa kawaida. Kanuni hutofautiana sana, kwa hiyo soma mkataba wako na taratibu za wafanyakazi kabla hujapiga simu. Ukishalipa kwa siku zako za likizo, au kwa mshahara uliokosa, hujamwibia mtu.

Swali la ukweli. Wenzako hawana haki ya kujua ulipasuliwa nini ndani ya tumbo lako. "Upasuaji wa tumbo" ni kweli, na unaweza kuishia hapo. Uvimbe wa kizazi waliubuni wao. Usiukanushe ukitaka, lakini usiuongezee hata neno moja. Mtu akikuuliza kizazi kinaendeleaje, mjibu: "Nashukuru, naendelea vizuri, mengine naomba yabaki kwangu." Ukianza kutunga ukubwa wa uvimbe na jina la daktari wa kina mama, utakuwa umejifunga na hadithi utakayotakiwa kuikumbuka kwa miaka. Fomu ya ofisi ni jambo jingine. Fomu ikiuliza aina ya likizo au sababu, usiandike uongo, kwa kuwa hilo linaweza kukugharimu kazi, nawe hukufanya kosa lolote la kukugharimu kazi. Kama kuna mtu mmoja pale shuleni unayemwamini na anayejua kutunza siri, kumwambia kutakupunguzia mzigo. Si lazima.

Daktari naye anaweza kukuandikia barua isiyotaja urembo. Aandike kwamba umefanyiwa upasuaji mkubwa wa tumbo, tarehe ya upasuaji, tarehe ya kuangaliwa tena, na mipaka yako. Hiyo mipaka ndiyo msome naye vizuri. Barua inayosema "apewe kazi nyepesi" haisaidii, kwa sababu kila mkubwa wa kazi ana kazi nyepesi yake kichwani, na wa kwako tayari ameshaitaja: kukaa darasani na watoto. Mwombe aandike waziwazi kwamba hutakiwi kunyanyua mtoto wala kitu cha kuzidi kilo kadhaa atakazozitaja, hutakiwi kuinama wala kukaa sakafuni, na hutakiwi kuwa peke yako na darasa, hadi tarehe fulani. Kipengele cha mwisho ndicho kitakachokuokoa. Kukiwa na mtu mzima mwingine chumbani, yeye ndiye atakayedaka.

Kisha mpigie mwalimu mkuu msaidizi wewe mwenyewe, kabla hajakupigia. Umesema ni mtu mwema aliyebanwa, basi mpe kitu atakachokitumia. Kwa mfano: "Mwalimu, daktari hajaniruhusu kurudi Jumatatu, na kuna kitu anataka kukiangalia kwanza. Nitakuletea barua yenye tarehe kabla ya Ijumaa. Najua darasa linabaki wazi, ndiyo maana nakuambia leo upate muda wa kutafuta." Usiombe radhi mara tano. Kumwambia Jumapili usiku ndiko kungekuwa kumkosea. Ukijisikia na nguvu, mpe mwalimu atakayeingia mpango wako wa masomo na majina ya watoto wanaohitaji jicho la karibu. Hilo linafanyika kitandani, kwa simu.

Siku ya kurudi itakapofika, omba uanze Jumatano au Alhamisi, wiki yako ya kwanza iwe fupi. Nusu siku ikiwezekana. Omba kiti cha mtu mzima chenye mikono ya kushikilia unapoinuka, na ukae nyuma ya meza wakati watoto wanaingia, meza iwe kati ya vichwa vyao na mshono wako. Watoto wa umri huo wakielezwa huelewa kuliko tunavyodhani. Waambie mwalimu ana kidonda, kwa hiyo anasalimiwa kwa mkono, na mteue mmoja wao kila asubuhi kuwa mlinzi wa kuwakumbusha wenzake. Wataigombea kazi hiyo. Msisimko wao wa kwanza wa asubuhi ukishapita, siku nzima huwa rahisi.

Mkanda utauvaa kazini chini ya nguo, ukiwa na fulana nyembamba ya pamba ndani ili ngozi isichubuke, na gauni pana kwa sababu mchana tumbo litavimba tena. Wengi huagizwa wauvae usiku na mchana kwa karibu wiki sita, wewe fuata ulivyoagizwa. Uwe na wa pili wa kubadilisha unapoufua. Ukikukata pumzi au ukikutia ganzi mapajani, umebana mno. Usikae wala kusimama zaidi ya saa moja bila kutembea kidogo, na hili ni kwa ajili ya miguu yako kama nilivyokueleza juu ya damu kuganda. Dawa kali za maumivu, zile za jamii ya morfini, ukiwa bado unazitumia hutakiwi kushika usukani wala kuachiwa watoto wa watu. Hata ukishaziacha, usiendeshe gari mpaka uweze kukanyaga breki kwa ghafla bila kuliwazia tumbo kwanza.

Ganzi uliyoitaja chini ya kitovu ni kweli ya kawaida, kwa sababu mishipa midogo ya fahamu ilikatwa. Itapungua kwa miezi, na sehemu kidogo huenda ikabaki hivyo. Lakini usiweke kabisa chupa ya maji ya moto wala kitambaa cha moto kwenye tumbo hilo. Nimeona mwanamke ameungua hadi malengelenge bila kuhisi, akijaribu kutuliza uvimbe.

Nyumbani, mwanao wa miaka miwili humbebi bado, naye ni kilo 12 au zaidi. Kaa kwenye kochi, mto tumboni, dada yako ampandishe ubavuni mwako au apande mwenyewe. Anachokililia ni mwili wako karibu, na hicho unaweza kumpa. Kuamka kitandani, geuka kwanza ubavu, shusha miguu, jisukume kwa mikono. Ukikohoa au kupiga chafya, bana mto juu ya mshono. Choo kikiwa kigumu, na dawa kali hukifanya hivyo, usijikamue. Kunywa maji, kula matunda na mboga, na umwombe daktari dawa ya kulainisha kama haitoshi. Hukutaja sigara, lakini kama unavuta au kuna anayevuta humo ndani, ikome: nikotini hubana mishipa ya damu, na kingo za kidonda kama chako zinaweza kufa kwa kukosa damu.

Na machozi. Hujakosea, na wewe si wa kwanza. Wiki ya pili na ya tatu huwa ngumu kwa watu wengi baada ya upasuaji huu. Usingizi ni wa kukatikakatika, dawa zinapunguzwa, unategemea mtu wa kukufulia nguo zako za ndani, na kioo kinakuonyesha tumbo lililovimba, lenye mshono mwekundu, ambalo si lile la zamani wala si lile ulilolitarajia. Kwa wengi uvimbe mkubwa hupungua kufikia mwezi wa tatu, na mabaki yake huendelea kuisha hadi miezi sita, hata mwaka. Kovu huwa jekundu na gumu kwanza, kisha huanza kufifia, na huchukua miezi 12 hadi 18 kutulia. Kwa hiyo unachokiona leo usikihukumu, na kama ni lazima ujitazame, jitazame asubuhi kabla uvimbe haujapanda.

Kwa kawaida huzuni hii hupungua usingizi ukirudi na mgongo ukinyooka. Ikipita wiki nyingine mbili ungali unalia kila siku, hulali, huna hamu ya kula wala ya kucheza na wanao, mwone daktari. Na ukianza kuwaza kujidhuru hata mara moja, usingoje hizo wiki mbili ziishe. Hilo nalo ni la kumwambia daktari, kwa maneno yaleyale uliyoniandikia mimi.